Asiyekataa Amekubali

Novemba 4

Dishi limefika. Lilishuka melini limefungwa magodoro pande zote kama bibi harusi anayeogopwa kupata mchubuko. Bwana Kalmet, mkuu wetu kutoka Vila, mji mkuu, alipanda mwenyewe juu ya paa la halmashauri na viatu vyake vya mjini, na kabla ya chakula cha mchana tukawa na mtandao.

Sasa wote tumo ndani ya kundi moja: hospitali, zahanati za visiwani, kanisa na mashua yake, halmashauri na mafuta yake, duka la ushirika. Anayehitaji kitu anaandika kundini. Kwenye kishikwambi changu ombi linatokea jekundu, likikubaliwa linageuka kijani. Nimekuwa mratibu wa mkoa huu kwa miaka sita, na miaka yote sita kazi yangu imekuwa kuwabembeleza watu wazima waambiane mambo. Leo nilitaka kulikumbatia lile dishi.

Kalmet aliniuliza, "Na wasipojibu?"

Nikamwambia, "Bwana mkubwa, hapa watu hawajibu. Ukingoja wajibu, msimu wa vimbunga utakwisha na mwingine utaanza." Basi nikapendekeza kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna kuandikiana pembeni, kila kitu kundini. Ya pili, ombi lisilopingwa mpaka kesho yake limekubaliwa. Asiyekataa amekubali. Alifurahi mpaka akaipigia makofi, na fundi akaiingiza kwenye mashine palepale. Nimerudi nyumbani nikakaanga samaki, nikala na wa kesho.

Novemba 5

Leo ilikuwa asubuhi ya mwisho ya redio ya mawasiliano. Anti Ansilin ameiendesha tangu nikiwa msichana, na kila asubuhi mkoa mzima unamsikiliza kama ibada. Nimenakili maneno yake ya leo kwa zahanati ya kisiwa cha Lemrig, ili nisije nikasahau kwa nini nilitaka afungiwe:

"Lemrig, Lemrig, ni mama yenu hapa. Mmeamkaje? Nesi, lile goti linaendeleaje? Haya. Ile dawa ya kikohozi inakuja na mashua Alhamisi, isipokuwa yule wa mashua, mwenyewe hayupo, mimi tu nasema, ametuma heshima zake nyingi mno, ana huzuni kubwa, injini ina mafua, labda iwe Ijumaa. Usikasirike mama. Hajalala vizuri tangu jana kwa kuwaza hiyo dawa yako."

Maelezo yote hayo kwa neno moja, Ijumaa. Alipomaliza nikamwambia, "Anti, kuanzia kesho utapumzika."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Si hivyo, anti. Mambo yamebadilika."

"Mambo yamebadilika," akarudia, akikunja kile kitambaa cha maua anachofunikia redio. Alikitia kwapani akaondoka nacho. Nimeagiza vituo vyote visiwani vishushe nguzo za redio, betri zitumike kwa taa za kanisa.

Novemba 9

Mvua. Hakuna la maana.

Novemba 17

Friji ya chanjo ya hospitali iliishiwa gesi. Waliomba juzi, duka likatoa mtungi, mashua ikaleta leo. Zamani tungezungushana wiki tatu na mikutano miwili. Hosea, katibu wa halmashauri, alikuwa hajui hata kilichotokea. Nikamwambia huo ndio uzuri wenyewe.

Novemba 30

Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na Meriam wangu amekuja kutoka Lemrig. Ni mdogo wangu wa pekee. Mama alipokufa alikuwa hajaota hata meno ya ukubwani, nikamlea kwa mikono hii. Mumewe Rodrik yuko New Zealand anachuma tufaha mpaka Aprili. Ana mimba ya miezi sita, ya kwanza kukaa baada ya mbili kuharibika, na anatembea ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chungu cha supu.

"Dada Jos, umekonda," akaniambia hata hajakanyaga mchanga. "Hiyo mashine yako inakula kwenye sahani yako?"

Kushuka kwao kulikuwa kichekesho. Nesi Estelin wa Lemrig alikuwa abiria, na nahodha ni Patteson, aliyemwoa Jinet, binti yake nesi. Mtu na mama mkwe wake kwetu hawasemezani, hawatajani majina, na kumkatalia mama mkwe jambo mbele za watu ni aibu inayolipwa kwa nguruwe. Basi Patteson, jitu la futi sita, alikuwa amejificha nyuma ya chumba cha usukani anauhutubia mlingoti: "Mlingoti, waambie wanaoshuka washike kamba, ubao unateleza."

Nesi naye akamwambia Meriam, "Uambie mlingoti asante. Na uambie sitaha inanuka nazi kavu za kopra."

Meriam akaufikishia mlingoti ujumbe kwa adabu zote, na watu wa ufukweni wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka nikasema kimoyomoyo kwamba mkoa wenye dishi juu ya paa bado una nahodha anayezungumza na kipande cha mti.

Desemba 3

Meriam amerudi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Desemba 11

Ugomvi. Shule ya Lemrig iliomba mbao kabla ya likizo. Mwalimu hana kifaa, kile cha zahanati ndicho pekee kisiwani, hivyo ombi lilitoka kwa nesi. Hakuna aliyelipinga, likageuka kijani, na mashua ikaenda bila mbao. Nimemwandikia Patteson kundini, mbele ya wote, "Nahodha, ulikubali kubeba mbao."

Akajibu, "Sikusema kitu, mama."

Nikaandika, "Ndiyo hivyo. Hukusema kitu."

Akanyamaza, nami nikajiona nimemshinda. Baadaye Jinet aliniambia sokoni kwamba siku ile mashua ilikuwa imejaa kopra hadi kwenye ngazi, nikamjibu kwamba mumewe ana vidole vya kuandikia kama watu wengine.

Desemba 25

Krismasi. Laplapu ya viazi vikuu vilivyokunwa na kuokwa majanini, kuku mmoja, watu sita. Joto.

Januari 7

Kalmet ameandika kwamba mkoa wetu umeongoza nchi nzima. Maombi yote tangu Novemba ni ya kijani. Anataka kuipeleka kanuni yangu mikoa mingine. Amesema "kanuni yako," nimeisoma mara nne.

Januari 16

Bahari imelala kama mafuta. Ndege wa baharini wamejaa miembe ya shuleni, na wazee wanaitazama minazi bila kusema. Vila wanasema kuna kitu kinajikusanya kaskazini, bado mbali.

Januari 20

Nesi Estelin ameandika kundini asubuhi: "Mjamzito, karibu mwezi wa nane. Presha imepanda, miguu na uso vimevimba, anaona vimulimuli. Anahitaji kufika hospitali kabla ya Jumamosi. Naomba mashua." Hakuandika jina. Hakuwa na haja, Lemrig kuna mjamzito mmoja tu wa umri huo.

Nimempigia. Alinipa Meriam kidogo, sauti inakatika. "Usianze kulia, dada Jos, ni miguu tu. Imekuwa mizuri, ungeiona, kama ya mke wa askofu."

Nimekaa na kishikwambi mapajani jioni nzima. Hospitali wamejibu kitanda kipo. Halmashauri wamejibu mafuta yapo. Kanisa, yaani Patteson wa mashua, limesoma tu.

Januari 21

Limegeuka kijani. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu, ofisini.

Mchana nesi ameniandikia pembeni, jambo nililolikataza, lakini kwa Meriam nimelisamehe. Anasema meli ya kopra imetia nanga Lemrig na itaondoka kesho kuja huku. Ni chafu, abiria wanalala juu ya magunia, ila ipo. "Nimpakie huyu binti, au mashua inakuja kweli? Mimi siwezi kumuuliza yule."

Nimemjibu, "Usimpakie kwenye magunia na hali hiyo. Mashua imethibitishwa. Asubiri."

Januari 22

Meli ya kopra imefika. Abiria tisa, wote wazima, wamechafuka tu. Nilisimama pale gatini nikawatazama wakishuka na kuku wao, nikajisifu kwamba mdogo wangu atakuja kwa heshima, juu ya godoro.

Januari 23

Mvua na upepo wa kaskazini. Kitu kile kimekuwa kimbunga, kimepewa namba, bado hakina jina. Mashua haijaondoka au imeondoka, kundini kimya. Kijani.

Januari 24

Nesi aliandika asubuhi: "Mgonjwa yuko ufukweni tangu alfajiri, tumemtengenezea kivuli. Hatuoni kitu baharini."

Nikamwandikia Patteson kundini: "Nahodha, uko wapi?" Alisoma. Nikaandika tena. Alisoma. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikakoma. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Novemba, nikainuka kitini. Nikavuka rasi kwa miguu hadi ghuba ya nyuma ambako mashua inalala.

Mashua ilikuwa juu ya magogo, nchi kavu, tumbo wazi. Patteson alikuwa amechuchumaa kando yake anakwangua kipande cha chuma kwa tupa, na kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa imechubuka nikajua hakuanza leo.

"Imekuwaje hii?" nikamuuliza.

"Pampu ya maji, mama. Imepasuka wiki iliyopita. Kipuri kiko kisiwa cha Santo. Najaribu kuchonga kingine."

"Wiki iliyopita. Na ombi la Jumatatu uliliona?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema mashua imekufa?"

Akaendelea kukwangua. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo haikufanana na mwili wake, "Niseme kwa nani?"

"Kundini."

"Aliyeomba ni nani, mama?" Hata hapo, tukiwa wawili na kaa wa mchangani, hakulitaja jina. "Niandike hapana, mkoa mzima usome kwamba nimemkatalia? Jinet atalala wapi usiku ule?"

"Basi ungeniandikia mimi pembeni."

"Wewe ndiye uliyetukataza." Hakusema kwa ukali. Alikuwa ananikumbusha tu. "Nilimwambia katibu Ijumaa iliyopita, jioni, tukinywa kava. Wote pale walijua. Nikajua atakufikishia."

Nimerudi mbio, viatu mkononi. Nikamkuta Hosea anafunga madirisha ya halmashauri kwa mbao.

"Ulijua mashua imeharibika?"

"Nani asiyejua?" akasema. "Ipo juu ya magogo tangu wiki iliyopita."

"Na ulithibitisha mafuta ya safari."

"Wewe uliuliza mafuta, mafuta yapo. Kuhusu mashua, mama Joslin, nilidhani mashine inajua."

Mimi sikanyagi kwenye nyumba ya kava, hakuna mwanamke anayekanyaga. Wanaume wote wa mkoa huu wenye mashua, mafuta na funguo hukaa pale kila jioni, wanaambiana kila kitu kwa minong'ono, na mimi nilidhani dishi limeihamisha nyumba ile mpaka mapajani mwangu.

Njiani kwenda bandarini kuulizia meli ya kopra nilipita kwa Anti Ansilin, anayeuza maandazi siku hizi. Naye alijua habari za pampu, Jinet alimsimulia. Hakujua kwamba kuna mgonjwa Lemrig. Nilipomwambia ni Meriam, aliweka koleo chini. "Ungeniuliza," akasema. "Au mimi ningekuuliza. Lakini nilikuwa nimekununia." Meli ya kopra ilikuwa imeshakwenda kujificha upande wa Santo.

Nimempigia polisi mwenye boti, boti iko kwenye matengenezo. Nimempigia Kalmet aombe helikopta, amesema upepo umeshapita kiwango. Alisema pia, kwa upole, "Lakini hapa kwangu linaonekana kijani." Nikakata simu.

Nimemwandikia nesi ukweli. Nimeandika mara tatu nikafuta mara tatu, kisha nikatuma: "Mashua ni mbovu. Haikuwa inakuja. Mrudishe ndani." Hakujibu kitu, mimi nikaendelea kuutazama ujumbe wangu.

Januari 25

Patteson amejaribu. Aliazima boti ndogo ya fiba ya mvuvi mmoja na mashine yake, akamchukua kaka yake, wakatoka asubuhi mawimbi yakiwa yameshaanza kuvunjika kwenye mwamba. Jinet na mimi tulisimama ufukweni tumeshikana mikono, ingawa tangu Desemba hatusalimiani vizuri. Tuliwaona wakipanda wimbi la kwanza na la pili. Kisha hatukuwaona kwa muda mrefu sana. Walirudi boti imejaa maji, kaka anachota kwa ndoo, Patteson damu imemjaa usoni kutoka kwenye paji. Alikaa mchangani akasema, "Waambie nilitoka. Nakuomba, waambie nilitoka."

Nikaandika kundini, "Nahodha alitoka, bahari imemrudisha." Mara hii nesi alijibu. "Ameanza kutetemeka. Nina sindano moja." Halafu, "Joslin, anakuita wewe." Nikapiga. Ikaita mara moja, upepo ukaling'oa dishi, nikasikia likiburuzika juu ya bati kichwani mwangu mpaka likaanguka upande wa jikoni.

Januari 26

Kimbunga. Tuko ndani ya kanisa watu wote. Hakuna habari kutoka popote. Redio ya Anti Ansilin ipo, ameileta mwenyewe ndani ya kile kitambaa, ameiunga kwenye betri ya taa. Ameita Lemrig siku nzima. Ameita kwa majina yao yote, kwa majina ya watoto wao, ameulizia goti la nesi. Lemrig hawana nguzo. Niliamuru ishushwe.

Januari 29

Fundi na Hosea wamelisimamisha dishi kwa kamba na jiwe. Ujumbe wa Jumamosi ulishuka wote kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba unaandikwa sasa hivi.

"Kifafa cha mimba. Sindano nimemaliza."
"Kimerudi."
"Mtoto ametoka. Wa kiume. Hakulia."
"Joslin."
"Meriam ametuacha. Nimemfunga kitambaa changu cha kanisani. Tutawazika pamoja upepo ukipungua, hatuwezi kungoja."

Chini yake, kwa kuwa zilikuwa zimepita siku na hakuna aliyepinga, mashine ilikuwa imeweka kijani.

Januari 30

Siwezi.

Februari 2

Rodrik amepiga kutoka New Zealand. Aliniuliza swali moja tu, amezikwa amevaa nini, kwa sababu alikuwa amemnunulia gauni la kujifungulia.

Februari 3

Mvua.

Februari 10

Ripoti ya Kalmet imekuja, amenitumia niisome kabla haijaenda kwa wafadhili. Maombi ya msimu, yaliyokubaliwa, yaliyokataliwa. Kwenye safu ya yaliyokataliwa kuna sifuri. Meriam yumo kwenye yaliyokubaliwa. Nimemwandikia kwamba kanuni ile ifutwe, na kwamba ombi lile halikukubaliwa na mtu yeyote. Amejibu pole nyingi, na kwamba mabadiliko ya kanuni yapitishwe kundini kwa utaratibu.

Nimeandika kundini: "Naomba kanuni ya asiyekataa amekubali ifutwe." Wote wamesoma. Hakuna aliyejibu.

Februari 11

Limegeuka kijani. Nimekaa nalitazama. Kama wamekubali au wananihurumia au wanaogopa kumgusa mfiwa, sina namna ya kujua. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza. Kila mmoja alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia nifanye ninavyoona inafaa.

Februari 23

Hosea amependekeza Anti Ansilin arudishwe kwenye redio. Fedha ya mshahara wake imeshapangiwa bando la dishi. Amesema atafanya bure. Vituo vitatu vimesimamisha nguzo tena, Lemrig bado. Asubuhi anaita, wanaitika watatu, na sauti yake imekuwa fupi. Haulizii magoti tena.

Machi 9

Nimegundua kwamba nimekuwa namchukia Patteson asubuhi na kumhurumia jioni, kwa zamu. Leo alipita mbele ya ofisi na kovu lake, akavua kofia. Nikajifanya nasoma.

Machi 22

Lemrig. Nimekuja kuondoa matanga. Nimekuja na mashua ya kanisa, imepona, injini ililia njia nzima bila kosa hata moja, nami niliketi juu ya godoro ambalo Jinet alinitandikia. Kaburi ni moja, fupi kuliko nilivyofikiri. Wamelizungushia matumbawe meupe. Nililala juu yake kifudifudi mpaka wanawake wakaninyanyua.

Baada ya chakula Patteson alileta nguruwe mwenye meno marefu yaliyopinda na mikeka mitatu. Alimfunga nguruwe kamba kwenye mti, akaenda kukaa chini ya upenu wa jiko, ametupa mgongo. Nesi Estelin alikuwa mbele ya zahanati, kwenye kigoda, naye amemgeuzia ubavu. Kati yao pangeweza kulala watu wawili. Kila mmoja alisikia mpaka pumzi ya mwenzake. Anti Ansilin hakuja, angekuja ingekuwa kazi yake. Nesi akaniita mimi nikasimama katikati.

"Muulize aliuona ujumbe wangu?"

Nikamgeukia, mama mkwe nikimtaja kwa wingi kama mwiko unavyotaka. "Wanauliza kama uliuona ujumbe wao."

"Waambie niliuona."

"Anasema aliuona, mama."

"Muulize alikuwa na mdomo?"

"Wanauliza kwa nini hukusema."

Nilikuwa nimeshailainisha bila kukusudia. Mabega ya Patteson yalipanda yakashuka. "Waambie mdomo ulikuwepo. Waambie neno hapana kuwapa wao sikuweza, na sitaweza hata kesho. Nilingoja mtu aje aniulize. Kila siku nilikuwa pale ghubani najua mtu atakuja kuniuliza, nimwambie, naye akawaambie wao vizuri."

Nikayarudia maneno yale yote. Ilibidi niyaseme kwa mdomo wangu, "nilingoja mtu aje aniulize," na sauti iliniishia kabla sijafika mwisho, nikaanza upya.

Nesi alisikiliza mara zote mbili kana kwamba hakuwa ameyasikia. Akasema, "Mwambie nguruwe nimempokea. Mwambie Jinet alete wajukuu Pasaka." Nikafikisha. Patteson aliinama mpaka paji lake likagusa magoti, akalia mbele ya watu, na watu wakatazama pembeni ili asitazamwe.

Nilidhani yamekwisha. Nikataka kwenda kukaa na wanawake.

"Wewe simama," nesi akasema. Sasa alikuwa amegeuka mzima, ananitazama machoni. "Wewe sina mwiko nawe. Wewe nakuuliza mwenyewe. Nilikuandikia mashua inakuja kweli?"

"Uliniandikia, mama."

"Ukanijibu asubiri. Kutoka ofisini kwako mpaka hiyo ghuba ni mbali?"

"Si mbali."

"Kiasi gani?"

"Ningetoka baada ya chai, ningerudi kabla ya chakula cha mchana."

Hakusema pole wala hakunilaumu. Alingoja. Patteson alikuwa ameacha kulia, wanawake wameacha kuosha sahani, wote wanangoja nami niseme la kwangu, na hapakuwa na mtu katikati wa kunisemea.